Seva ya Stoo

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakubwa na wadogo, waliokaa na waliosimama, kwamba siku ya Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, Mtambo Mkuu wa Kumbukumbu za Uzazi, nguzo ya zahanati tano na tegemeo la wajawazito wasio na idadi, ulikata kauli na kuiacha jamii nzima haijui pa kushika.

Mtambo Mkuu ulikuwa sanduku jeusi la ukubwa wa ndoo ya kufulia. Ulikaa stoo, rafu ya pili, kati ya dumu la mafuta ya kupikia na pasi iliyoshika vumbi. Na jamii iliyokuwa haijui pa kushika, kwa saa hiyo, ilikuwa mwanamke mmoja aliyevaa ndala mguu wa kulia tu, akiwa bado anaitafuta ya kushoto, simu ameibana kati ya sikio na bega.

Mtaani walimwita Mama Seva. Sanduku, yaani seva yenyewe, kompyuta inayotunza kadi za zahanati zote, lilikuwa mali ya Umoja wa Zahanati, na lililetwa kwake kwa wiki mbili tu, paa la ofisi lilipoanza kuvuja. Wiki mbili hizo zilikuwa zimetimiza miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo nyumba ilipata sheria ambazo hata serikali ingezionea wivu. Stoo haidekiwi kwa maji, inapanguswa. Mlango wa stoo haufungwi, unawekewa tofali ili mashine ipumue. Pasi haichomekwi mashine ikiwa na kazi nyingi, na mashine haikuwahi kukosa kazi nyingi. Mume wake, ambaye alikuwa na duka la fotokopi kwenye chumba cha mbele na kwa hiyo akaitwa Fotokopi, alisema mara moja tu kwamba siku atakayougua yeye hana hakika kama kuna mtu atamwekea tofali mlangoni apate hewa. Tangu hapo alivaa mashati yenye makunyanzi kwa utulivu mkubwa.

Aliyekuwa kwenye simu ni Sista wa zahanati ya kwanza.

"Dada, mashine imekataa," alisema. "Namwandika mama wa watu, nabonyeza hifadhi, inaniambia haiwezi. Hii mara ya nne. Nina kumi na saba kwenye benchi, na huyu wa mbele ananitazama kama nimemmezea kadi yake."

Mama Seva akamwambia asibonyeze tena, aandike kwenye karatasi kwanza. Sista akauliza karatasi ipi. Daftari la zamani lilichukuliwa siku walipoambiwa kwamba sasa kila kitu ni mashine.

Akaingia stoo na ndala yake moja, akaketi juu ya debe la unga, akavuta kibodi. Alichofanya kwanza ndicho anachokifanya kila Jumatano bila kukosa, kama wengine wanavyopima presha. Aliandika df, akaacha nafasi, akaandika kistari na h. Hiyo ni amri fupi ya kuiuliza seva swali moja: umejaa kiasi gani? Seva haina maneno mengi. Ilimjibu kwa jedwali dogo. Ukubwa wa diski, giga mia moja na ishirini. Zilizotumika, mia moja na ishirini. Zilizobaki, sifuri. Asilimia mia.

Alilitazama lile jibu, akaiandika amri upya polepole, kama mtu anayemrudia mtoto swali ampe nafasi ya kubadili jibu. Asilimia mia.

Jumatano iliyopita ilikuwa thelathini na nne. Zahanati zote tano, hata zingeandikisha wajawazito pamoja na waume zao na majirani zao, zisingeweza kuijaza ile diski ndani ya siku tano. Alifanya hesabu hiyo kichwani, na hesabu ikakataa. Ndipo simu ikalia tena, na safari hii alikuwa Katibu wa Umoja.

Katibu alikuwa na sauti ya mtu anayesoma taarifa hata anapoomba chumvi. Alisema amepokea malalamiko. Alisema mkataba wa Mama Seva, kama anavyojua, unaisha Ijumaa, na kikao cha kuuongeza mwaka mwingine ni kesho. Alisema yeye binafsi hana neno, lakini wapo wanaouliza kwa nini mashine ya Umoja inalala na mafuta ya kupikia wakati mpwa wake ana duka zima la kompyuta lenye feni. Basi saa nane mchana atapita na huyo mpwa. Kama zahanati zitakuwa zinaandika, vizuri. Kama bado, sanduku litabebwa.

"Nimeelewa, Katibu."

"Sikutishi."

"Hapana, Katibu."

Mama Seva aliiweka simu juu ya dumu la mafuta. Sanduku likibebwa, mshahara unakwenda nalo. Duka la fotokopi lilikuwa linajilisha lenyewe kwa shida. Na ada ya shule ya bweni ya binti yao wa pekee hailipwi na karatasi zilizotolewa kivuli.

*

Binti huyo alikuwa nyumbani kwa likizo. Inafaa kumtaja mapema, kwa sababu katika masaibu yote ya siku ile alijitokeza kuwa mtulivu, mwenye adabu na msaada mkubwa kwa mzazi wake. Ni kweli kwamba Jumamosi palitokea jambo dogo. Binti, kwa mapenzi tu ya elimu, alikuwa ameibadilisha salamu ya seva, ikawa kwamba Mama Seva alipoifungua mbele ya Katibu aliyekuja kukagua, skrini iliandika kwa herufi kubwa: KARIBU TENA, MHESHIMIWA MALKIA WA STOO. Katibu aliisoma kwa sauti, mpaka mwisho, bila kucheka.

Kwa kosa hilo Mama Seva alitoa adhabu aliyoijua tangu utoto wake, na ambayo shule za bweni zinaitunza mpaka leo kama urithi. Binti aandike mistari mia tano: Sitagusa tena mashine ya Mama bila ruhusa. Jumapili jioni mistari ikawasilishwa. Ilikuwa kurasa kumi na mbili, imepangwa vizuri, imechapwa. Baba yake aliitoa kwenye printa ya duka kutoka kwenye flashi bila kuuliza kitu. Mama Seva alizitazama zile kurasa, akamtazama binti, na binti akaeleza kwa unyenyekevu kwamba hukumu ilitaja idadi ila haikutaja kalamu.

"Haya," alisema Mama Seva. "Nimeshindwa kwa kutosema." Akazitupa kurasa kwenye rafu ya stoo, nyuma zake zikiwa nyeupe, kwa kuwa katika nyumba ya Fotokopi karatasi haitupwi mpaka imetumika pande zote mbili.

Sasa zilimfaa. Alichukua ule wa juu, akaugeuza, akatoa kalamu nyuma ya sikio. Df ilimwambia nyumba imejaa, basi atapita chumba kwa chumba aone nani amejaza nini. Kwa kazi hiyo kuna amri nyingine, du, ambayo haiulizi diski imebakiwa na nini. Yenyewe inaingia kila folda na kupima mzigo uliomo. Ilichukua muda, feni ya sanduku ikivuma kama nzi ndani ya chupa. Majibu yalipotoka moja moja aliyaandika nyuma ya adhabu ya binti yake. Kadi za wajawazito, giga kumi na nne. Picha za vipimo, kumi na nane. Kumbukumbu za mfumo, nne. Vitu vyake mwenyewe, mbili. Mazagazaga mengine, tatu.

Akajumlisha. Arobaini na moja.

Akajumlisha kutoka chini kwenda juu. Arobaini na moja.

Aliirudia df. Mia moja na ishirini. Akairudia du. Arobaini na moja. Giga sabini na tisa zilikuwa zimetumika na hazikuwa mahali popote. Mama Seva, mwanamke aliyewahi kukaa siku nzima kwenye foleni ya kitambulisho bila kunung'unika, alijikuta akiliambia sanduku jeusi kwamba nalo lisimfanye mjinga.

Fotokopi akachungulia. Alikuwa na mteja mbele anayetaka cheti chake kipunguzwe kiwe cha mfukoni, na mashine ya lamineti, ya kuvisha karatasi plastiki, ilikuwa inahitaji soketi ya stoo. Alimwona mkewe amekaa juu ya unga, akabadilisha mawazo kuhusu soketi.

"Ukifutafuta vitu kidogo, je?" aliuliza.

"Nifute nini, baba? Mimba za watu?"

"Mimi nasema tu."

"Sema tu ukiwa huko."

Hata hivyo alifuta. Alipunguza kumbukumbu za zamani za mfumo, zile za mashine kujisemea yenyewe kwamba imeamka na imelala, akapata giga mbili. Akampigia Sista: haya, andika haraka. Sista akaandika. Akaandika wa pili, wa tatu, wa tisa, na benchi likaanza kupumua. Mama Seva akaipata na ndala yake ya kushoto, ilikuwa chini ya debe muda wote. Nusu saa haikutimia, Sista akapiga. Alianza kwa kuvuta pumzi, na Mama Seva akajua.

Asilimia mia.

"Kuna kitu kinakula," alisema, si kwa mtu. "Kinakula, na hakionekani mezani."

Wakati huo binti alikuwa amesimama mlangoni, karibu na tofali, na kikombe cha chai alichomtengenezea mama yake bila kutumwa. Mama Seva, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza, akamweleza yeye. Ana vipimo viwili na majibu mawili. Kimoja kinasema nyumba imejaa mpaka darini. Kingine kinapita vyumbani na kusema vitanda ni vitupu. Vyote viwili havijawahi kumdanganya.

Binti alifikiri. Kisha, kwa ile hamu ya kujua inayomfanya mwanafunzi apendwe na walimu, akauliza.

"Mama, kitu kikishafutwa, si kimefutwa?"

"Kikifutwa kimefutwa. Weka chai hapo, usinipe maswali ya mtihani."

Binti akaondoka. Chai aliondoka nayo, kwa kusahau.

*

Katibu alisema saa nane, akaja saa sita na nusu, kwa sababu watu wanaokuja kukagua hufika kabla hujafagia. Aliingia na shajara kwapani. Nyuma yake alikuwa Mpwa, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyevaa viatu vyenye ncha na kitambulisho shingoni, ingawa duka lilikuwa lake na hapakuwa na wa kumtambulisha kwake. Walipita dukani, Fotokopi akawasalimia, na wateja wawili wakahama kidogo ili waone mpaka ndani.

Stoo haikutosha watu watatu. Mpwa akaketi juu ya debe la unga, Mama Seva akasimama. Katibu akabaki mlangoni na mguu mmoja juu ya tofali.

"Umezima ukawasha?" aliuliza Mpwa.

Mama Seva alieleza kwamba mashine ile ni kongwe. Mwaka jana ilizimwa, ikachukua siku mbili kuamka, na Katibu mwenyewe akatoa agizo kwa maandishi kwamba isizimwe tena. Katibu akaitikia kwamba ni kweli, agizo lipo. Mpwa akatabasamu kama daktari aliyeambiwa na mgonjwa kwamba dawa ni chungu. Akasema basi, kama hakuna kuzima, dawa ni kufuta, na kwa kawaida ukitaka kujua seva imejaa nini, unatazama anayeitunza anaweka nini.

Akavuta kibodi. Alipiga vitufe kwa vidole viwili, kwa kishindo, na haikumchukua muda kuiona folda iliyoitwa "mapishi".

Mama Seva alisikia shingo ikiwaka moto. Ndani ya mapishi hapakuwa na mapishi. Kulikuwa na picha za harusi yake, zilizopigwa na mtu aliyependa zaidi mahema kuliko maharusi. Kulikuwa na binti akijifunza kutembea, binti akiwa amevaa sare ya kwanza, soksi zimefika mapajani. Mpwa alizifungua moja baada ya nyingine, na wateja wa Fotokopi walikuwa na shingo ndefu.

"Kumbe," alisema Katibu. Akafungua shajara. "Kumbe zahanati zinatunza harusi."

"Ni giga mbili, Katibu. Zilizopotea ni karibu themanini. Nilikosea kuziweka hapa, nakubali, lakini si hizo."

"Kama si hizo, zifute. Tuone."

Akaomba dakika kumi. Mume wake ana flashi, azihamishe kwanza. Katibu akatikisa kichwa. Hakuna kitu kitakachotoka kwenye mashine ya Umoja kuingia kwenye flashi ya mtu mbele ya macho yake, siku ambayo mashine ina hitilafu. Kesho kwenye kikao ataulizwa kilichotoka kilikuwa nini, na yeye atasema nini, harusi?

Picha zenyewe zilikuwa na nakala. Fotokopi alizichapa nyingi na nyingine zilikuwa ukutani. Lakini mwisho wa orodha kulikuwa na faili moja ambalo si picha. Lilikuwa sauti, sekunde arobaini na moja. Mama yake Mama Seva alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na hakuwahi kupenda vitu vya kurekodi. Sauti ile alichukuliwa bila kujua, kwa simu ambayo baadaye ilitumbukia kwenye pipa la maji. Ilikuwa ndani ya lile sanduku tu.

"Katibu, hili moja," alisema. "Ni dogo sana. Halijazi kitu. Ni sauti ya mama yangu, marehemu."

Katibu alifunika shajara. Si mtu mbaya. Aliangalia chini, kwenye tofali. Ila Mpwa alikwisha kusema kwamba vitu vidogo vidogo ndivyo vinavyojaza, na mteja mmoja wa Fotokopi akaitikia kwa kukohoa, na Katibu akawa ameshakuwa Katibu tena.

"Yote," alisema. "Ili kesho nikisema tulifuta yote, niwe nimesema kweli."

Mama Seva aliinama juu ya bega la Mpwa. Aliichagua folda. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda wa kutosha mtu kusema jambo, kama kulikuwa na mtu mwenye jambo. Mlangoni, nyuma ya Katibu, binti alikuwa amesimama na kikombe. Kidole kikashuka.

Df. Zilizobaki, giga mbili. Asilimia tisini na nane.

Sista akapigiwa, akaandika. Zahanati ya pili ikaandika, ya tatu ikaandika. Katibu alikalia ndoo iliyogeuzwa na kuandika kwenye shajara yake, kwa mwandiko mzuri, chanzo cha tatizo. Mpwa akaeleza jinsi dukani kwake kila mashine ina feni yake. Fotokopi aliwaletea soda, na kwa kuwa chupa zilikuwa mbili, mkewe akasema yeye hana kiu. Wakanywa. Mpwa alikuwa anauliza kama sanduku litaingia kwenye buti ya gari au kiti cha nyuma, simu ilipolia.

Alikuwa Sista. Alivuta tu ile pumzi yake.

Df. Sifuri. Asilimia mia.

Katibu akamtazama Mpwa. Mpwa akatazama ncha za viatu vyake. Mama Seva akatazama mahali pale kwenye skrini ambapo folda ilikuwa, na hapakuwa na kitu, na hata hicho kitu kisichokuwepo kilikuwa kimeshakaliwa.

"Nipishe," alimwambia Mpwa.

"Ila mama, mimi nadhani—"

"Kijana, shuka kwenye unga wangu."

Akashuka.

Mama Seva aliketi. Hasira ilikuwa imempanda ikapita kichwa, ikawa baridi, na kwenye ile baridi aliona vizuri. Vipimo viwili havidanganyi. Du inahesabu kile chenye jina. Df inahesabu kile kinachokalia nafasi. Basi kuna kitu kinakalia nafasi na hakina jina. Kimefutwa jina. Kitu kikishafutwa, si kimefutwa? Hapana. Si kama kuna programu inayokishikilia wazi na bado inakiandikia. Mpangaji amefutwa kwenye orodha ya wapangaji, lakini yumo ndani, anaendelea kuingiza masanduku. Hilo alijifunza zamani, na leo alikuwa ameulizwa waziwazi akajibu kama asiyesoma.

Akasita. Ameulizwa na nani?

Hakugeuka kutazama mlangoni. Aliandika lsof, amri inayotaja mafaili yote yaliyoshikwa wazi na nani ameyashika, akaiongezea alama ya kutaka yale tu yaliyokwisha kufutwa. Ulitoka mstari mmoja. Faili: adhabu.txt. Limefutwa. Ukubwa, giga themanini na tatu. Lilifunguliwa Jumapili saa kumi alasiri, kwa jina la Mama Seva mwenyewe, na bado lilikuwa linaandikiwa, mistari kama elfu thelathini kwa kila sekunde.

Kitu kilichoshikwa wazi kinaweza kusomwa. Alikisoma. Maneno yalijaa skrini kuanzia juu mpaka chini, na alipoteremka yalikuwa yale yale, na alipoteremka tena yalikuwa yale yale. Akaichukua ile karatasi ya hesabu zake, yenye arobaini na moja iliyopigiwa mistari miwili, akaigeuza.

Sitagusa tena mashine ya Mama bila ruhusa.
Sitagusa tena mashine ya Mama bila ruhusa.
Sitagusa tena mashine ya Mama bila ruhusa.

"Ni nini?" aliuliza Katibu.

Mama Seva aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani. Kisha akaiua ile programu, kwa neno moja na namba moja. Df. Asilimia thelathini na moja.

"Ni programu iliyoachwa wazi, Katibu," alisema. "Kwa jina langu. Ni uzembe wangu."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Zahanati zote tano zilikuwa zinaandika. Sanduku halikubebwa. Lakini Katibu alikuwa na shajara, na shajara ilikuwa na "uzembe", na harusi ilikuwa bado imo humo. Kesho yake kikao kiliongeza mkataba, si mwaka, miezi mitatu, chini ya uangalizi wa Mpwa, atakayepita kila Jumatano. Tena ile ya kuzima na kuwasha ingeiua programu na kumaliza kazi saa sita na nusu ileile, kabla folda haijafunguliwa. Mpwa hakulijua hilo. Mama Seva alilijua, na ndilo lililomkosesha usingizi.

Hivyo ndivyo nyumba moja ya kawaida, kwa ushujaa wa mama na utulivu wa binti, ilivyoiepuka aibu kubwa zaidi. Mwisho.

*

Si mwisho. Mama amesoma mpaka hapo juu, amesimama, kalamu nyuma ya sikio. Ameuliza swali moja: huyu "binti mtulivu mwenye adabu", anayepitapita na chai, ni nani?

Nimesema ni mhusika.

Amesema niendelee kuandika.

Basi ni mimi. Hadithi hii ndiyo adhabu yangu ya pili, na safari hii hukumu imetaja kila kitu: kwa kalamu, kwa mkono, mara moja tu, bila kuruka kitu. Nilijaribu kujiruka mwenyewe.

Mistari ningeweza kuichapa kwenye kompyuta ya Baba, lakini niliona ni utamu ulioje kuandika kwamba sitagusa mashine ya Mama kwenye mashine ya Mama. Aliiacha wazi alipokwenda kuanua nguo. Niliiandikia programu fupi irudie sentensi, nikasahau kuiambia iishie mia tano. Nikachukua mia tano za mwanzo, nikalifuta faili, nikapanga vitu kama nilivyovikuta, nikajiona fundi. Jumla aliyoipigia Mama hesabu ni karibu mistari bilioni mbili. Sijui kama kuna mwanafunzi wa bweni aliyewahi kuitumikia adhabu hiyo.

Lakini Mama hataki hicho. Anataka lile la mlangoni.

Nilijua. Aliposema vipimo viwili na majibu mawili nililikumbuka faili langu, ndiyo maana niliuliza. Aliponijibu kwamba kikifutwa kimefutwa nikalishika lile jibu kwa mikono miwili, nikaenda kunywa chai yake jikoni. Nilirudi na kikombe kitupu. Kidole chake kilipokaa juu ya kitufe nilikuwa na maneno matatu tayari mdomoni: Mama, ni mimi. Palikuwa na Katibu, palikuwa na wateja wa Baba, nikaona aibu. Nafasi aliyoiacha bibi ikajazwa na mimi nikiapa, elfu thelathini kwa sekunde, kwamba sitagusa.

Mama hakunipiga. Hakunigombeza hata. Jioni ile alimwambia Baba achomeke pasi akipenda, na Baba akaniangalia kana kwamba nimevunja kitu ukutani.

Kuna jambo moja ambalo Mama halijui, nami naliandika hapa kwa sababu hukumu imesema nisiruke kitu. Sikugusa ile mashine mara mbili tu. Kila likizo, Mama akienda sokoni, niliingia stoo, nikafungua mapishi, nikamsikiliza bibi. Zile sekunde arobaini na moja nazijua kama wimbo wa shule. Sauti siwezi kuirudisha. Maneno haya hapa, kwa kalamu, kwa mkono, mara moja:

"Wewe, hicho unanielekezea mimi cha nini? Kaa, kaa ule, umekonda kama mpini. Na huyo mumeo mwambie shati linapigwa pasi. (Hapo anacheka, halafu anakohoa.) Bado unanielekezea? Mimi si nipo hapa, unanitaka wapi tena? Zima, mwanangu. Zima hicho kitu. Utaijaza hiyo simu bure."